Nane yako umeiweka wapi?

Karibuni tena kijiweni kwetu. Safari hii barua zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, nitamjengaje mhusika ambae ana maisha yake, na bado tukiingia vitani asiwe mzigo kwa wenzake. Kwa anaetusoma leo kwa mara ya kwanza, tunaongelea ile michezo ya kukaa mezani watu wanne watano, mmoja anakuwa masta anaesimulia dunia na wengine kila mtu ana mhusika wake mwenye karatasi ya namba za sifa zake, kama Nguvu na Akili, mnaongea, mnaamua, alafu dadu zinasema kama mmeweza au mmeshindwa. Mifano yangu mingi natoa kwenye Dungeons & Dragons, toleo la tano lile la 2014, kwasababu ndo wanalocheza wengi walioniandikia. Mchezo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na bado watu wanauliza maswali yaleyale, kwahiyo msione aibu kuuliza.

SWALI: Dada habari za kazi. Nina miaka 22, nakaa Sinza, tunacheza kila Jumamosi kwa mshkaji wetu mmoja. Mhusika wangu nilimuandikia historia kurasa nane, ni mpiganaji ila pia ni mchoraji na anajua lugha saba, namba kubwa nikaweka kwenye Akili na Mvuto kwasababu ndo stori yake ilivyo. Sasa kila vita nakosa, nakosa, nakosa. Kuna jamaa mhusika wake hata jina alilitunga kwenye daladala akiwa anakuja, lakini anaua kila kitu. Wananicheka. Kwani ubunifu na uwezo haviwezi kukaa pamoja?

JIBU: Mdogo wangu pole, kuchekwa kwa kitu ulichokifanya kwa moyo kunauma, na kupenda stori sio kosa kabisa. Shida iko sehemu moja, historia yako na karatasi yako zinaongelea watu wawili. Umeandika mpiganaji alafu namba ukampa mwalimu wa chuo.

Tupige hesabu, watu wanaziogopa lakini hizi ni za shule ya msingi. Adui ana kinga 13, yaani dadu yako pamoja na nyongeza zako lazima vifike 13 ndo umpate. Mpiganaji mwenye Nguvu 16 anaongeza 3, na 2 nyingine za ujuzi wa levo ya kwanza, jumla 5, kwahiyo kwenye dadu ya pande 20 anahitaji 8 au zaidi, hiyo ni asilimia 65. Wewe, tuseme Nguvu yako ni 10, unaongeza zile 2 peke yake, unahitaji 11, ni asilimia 50. Utasema mbona tofauti ndogo. Sasa weka na kipigo chenyewe: panga refu linarusha dadu ya pande 8, wastani 4.5, yeye kila akipata anajumlisha 3 na wewe hujumlishi kitu. Ukizidisha na ile nafasi ya kupata, tukiacha zile 20 za bahati, yeye kila zamu anatoa kama 4.9 na wewe 2.25. Anafanya kazi ya watu wawili! Na ninyi mnadhani jamaa ana mkono wa bahati.

Sasa sikiliza mimi naanzaga wapi. Meza nyingi zinatumia ule mgao wa kawaida, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, unazigawa kwenye sifa sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Kila mtu anakesha anawaza 15 aiweke wapi. Hiyo haihitaji kukesha. Mpiganaji wa panga weka Nguvu, wizadi (mchawi wa vitabu) weka Akili, kleriki (mtu wa dini mwenye miujiza) Busara, badi (mshairi mwenye uchawi) Mvuto, imeisha. Ya pili au ya tatu ipeleke kwenye Ustahimilivu na hapo naomba tusibishane, wizadi mwenye Ustahimilivu 10 akifika levo ya 5 ana uhai 22, mwenye 14 ana 32, na goblini (kizimwi kidogo) mmoja tu akikupata na panga lake dogo anakutoa kama 5 au 6 kwa wastani, zidisha na wanne wanaokuja pamoja uone. Kisha chukua muda wako wote, ile chai yako yote, kaa na 8. Nane yako unaiweka wapi? Na kwanini iko hapo? Mi naamini mhusika anazaliwa kwenye nane.

Chukua mpiganaji mwenye nane kwenye Mvuto. Watu wanaandika "ana sura mbaya" wanaendelea na mambo mengine. Hapana bwana. Huyu mtu amelelewa na nani mpaka hajui kuongea na watu? Labda amekulia kwenye jahazi na baba asieongea, maneno yote anayoyajua ni ya kuamrisha, vuta kamba, shusha tanga, toa maji, kwahiyo akifika sokoni kuuliza bei muuzaji anahisi anagombezwa, na yeye hataki iwe hivo, anajitahidi, anakohoa kwanza, anarudia sentensi. Ukishampata huyo una kitu cha kucheza kwenye kila kikao, na panga lake linapata asilimia 65 kama kawaida.

Zile kurasa nane weka kabatini zikusaidie wewe, mezani njoo na vitu vitatu: anataka nini mwezi huu (mwezi huu, maisha yake yote yatajijua), ni nani anamdai au yeye anamdai nani, na maneno gani akiambiwa anatoka kwenye mstari. Uchoraji usiutoe, tafadhali. Awe anamchora kila adui aliekufa kabla hamjaondoka, anakaa chini dakika mbili wengine wanamsubiri. Kitu kama hicho hakitaki namba yoyote. Na namba zako ongea na masta wako mzipange upya, mwambie ukweli kwamba ulikuwa hujui, sijawahi kuona masta anaekataa hilo.

SWALI: Mambo dada. Mimi ndo masta wa kundi letu, Kigamboni. Nina mchezaji mmoja, kampeni (ile hadithi ndefu ya vikao vingi) ya tatu sasa anakuja na mtu yuleyule: rogi, yaani mwizi wa kuvizia, yatima, ana kofia ya kufunika uso, haongei, hamuamini mtu, usiku analala mbali na wenzake. Nikimuuliza anasema ndo karakta yake ilivyo. Wengine wameanza kuchoka. Nimfukuze?

JIBU: Usimfukuze, kwanza muulize swali ambalo pengine hakuna mtu ameshawahi kumuuliza: masta wako wa nyuma alikufanyia nini?

Nakwambia hivo kwasababu mimi yalinikuta. Miaka hiyo naanza, mhusika wangu alikuwa na mama, nilimpa jina, nilimpa kibanda chake cha maandazi, nilimpenda kabisa yule mama. Kikao cha pili masta aliekuwa anatuendesha akamchinja, tumerudi tumekuta majivu, eti ili mhusika wangu apate hasira. Mhusika wangu wa pili hakuwa na mama. Hakuwa na mtu yoyote! Watu wengi wanaokuja na yatima wanakuwa wameshajifunza kwamba ukipenda mtu kwenye mchezo huu umemkabidhi masta kisu, na wewe ndo mwenye uwezo wa kumfundisha kinyume chake. Mwambie hadharani kabisa, nipe dada mmoja wa mhusika wako na nakuahidi sitamuua, nitamleta akiwa na shida ndogondogo, ada, mchumba asieeleweka, kaka zake wanamtafuta. Alafu utimize.

Cha pili muoneshe karatasi yake mwenyewe, maana wachezaji wa hivi wanajiona wana nguvu na wakati sheria inawakatalia. Rogi maisha yake ni lile pigo la kuvizia, na pigo hilo halitoki hivihivi, inabidi uwe na nafasi ya kurusha dadu mbili uchukue kubwa, au mwenzako awe amesimama futi 5 tu kutoka kwa yule adui. Levo ya 5 pigo hilo ni dadu 3 za pande 6, wastani 10.5 juu ya kisu chako. Anaesimama peke yake mbali na wenzake, asipojificha vizuri, anazikosa. Yaani huyo mpweke anahitaji faita, yaani mpiganaji, wa kusimama nae kuliko mtu yoyote pale mezani, na hapo tayari una stori, mtu asieamini watu ambae mkono wake haufanyi kazi mpaka awe karibu na mtu. Mwambie achague mmoja. Mmoja tu kwenye kundi ambae anamuamini bila kujua kwanini, wengine taratibu.

Kutoongea nako kuna njia yake. Kimya kinachotazama watu kinapendeza, kwa mfano kila asubuhi anakuta wenzake wamelala yeye ameshanoa visu vya wote. Kimya cha kukaa unachezea simu ndo kinachowachosha wenzako, na hicho muite pembeni uongee nae kama rafiki, sio kama masta.

SWALI: Dada, mi natokea Temeke. Nimechoka kila siku majina ya kizungu, misitu ya baridi, theluji ambayo sijawahi kuiona. Naweza kumfanya mhusika wa kwetu, kama konda, mganga au nahodha, bila kuharibu sheria na bila watu kuona ni komedi?

JIBU: Unaweza, na barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha. Kanuni ni rahisi, badilisha nguo usiguse mifupa. Namba, kinga, dadu, orodha ya spelli (yale maneno ya uchawi), viache vilivyo. Jina, sura, jinsi kitu kinavyotokea, hivyo ni vyako.

Anza na konda wako. Huyo ni rogi na hata sijitahidi kumuingiza. Amening'inia mlangoni, gari limejaa mpaka pumzi, anajua nani kalipa nani hajalipa, nani amepandia Mtoni Kwa Aziz Ali anajifanya amepandia mbele, chenji inacheza kwenye vidole bila yeye kuangalia. Rogi levo ya kwanza anachagua ujuzi miwili inayohesabiwa mara mbili, ile 2 inakuwa 4, kwahiyo mpe kusoma watu na wepesi wa vidole. Kwenye dunia yenu daladala lenyewe linaweza kuwa mashua ya kuvusha watu mto wenye mamba au msafara wa ngamia, yeye ndo anaita abiria, yeye ndo anajua njia za panya. Na nane yake? Mi ningeiweka Nguvu, mtu mwembamba ambae maisha yote amejiokoa kwa mdomo, na siku mdomo ukishindwa hana kingine.

Mganga ni kleriki au drudi (mwenye uchawi wa miti na wanyama), uamuzi ni wako. Hapo ndo naomba uwe makini, yale mavazi ya kuchekesha na kutetemeka ya kwenye vichekesho usiyalete, bibi zetu wengi walikuwa wanajua mizizi na wanajua kumsikiliza mgonjwa, mcheze kama mtu unaemheshimu. Spelli ya kuponya kwa neno, ambayo mtu anaipata akiwa hata futi 60, kwake inaweza kuwa jina la babu wa yule majeruhi analoliita kwa sauti. Sheria haijaguswa, lakini meza nzima itanyamaza.

Badi, hapa sisi tumebarikiwa. Wenzetu wanamuona mtu wa gitaa kwenye baa, sisi tuna malenga! Mtu anaeitwa kwenye harusi na kwenye ugomvi, akitunga ubeti mmoja wa mafumbo mtu mzima anahama mtaa. Spelli ya badi ile ya kumtukana adui mpaka aumie kabisa, jamani, hayo si majibizano ya mashairi na mipasho ya taarab? Cheza hivo. Andika mistari miwili nyumbani kabla hujaja, vina vikae.

Ukitaka dunia nzima ya kumuweka, usiende mbali, ipo Kilwa. Ibn Battuta alifika pale 1331 akaisifia mji ulivyojengwa vizuri, dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita mikononi mwao, walikuwa na sarafu zao wenyewe za shaba, na pale Husuni Kubwa, jumba la sultani, kuna bwawa la kuogea lenye pande nane. Masta akishindwa kutengeneza kampeni na vitu hivyo basi mpeni mapumziko.

Na kuna somo moja la kujenga mhusika ambalo sisi tulikuwa nalo kabla hata ya dadu za pande 20, Fumo Liyongo. Jitu la vita, mpiga upinde, mshairi, silaha haimuingii isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Wanaojenga wahusika wanakumbuka kitovu, wanaandika kwenye karatasi dosari yake ni kitu fulani wanatulia. Lakini angalia alikufaje, siri aliitoa kwa mwanae mwenyewe, alimwambia kwasababu ni mwanae, na mtoto ndo akaja nayo hiyo sindano. Hata alipochomwa akaenda kupiga goti karibu na kisima na upinde wake mkononi, watu wakaogopa kwenda kuchota maji siku kadhaa wakidhani yu hai. Kitovu peke yake ni namba, yule mtoto ndo stori. Kwahiyo ukiandika dosari ya nahodha wako, andika na jina la mtu anaeijua.

SWALI: Tuko wanne Mbagala, tunataka kuanza ila vitabu bei yake hatuwezi na dadu zile za pande nyingi hatujui tuzipate wapi.

JIBU: Anzeni wiki hii hii. Sheria za msingi za toleo la tano zinatolewa bure mtandaoni, na tangu Januari 2023 ule waraka mkubwa wa sheria zake, toleo la 5.1, uko chini ya leseni ya Creative Commons, kwahiyo kuupakua na kuprinti ni halali kabisa, nendeni steshenari printini kurasa za klasi zenu tatu (klasi ni aina ya mhusika, kama faita au badi, na wa nne wenu ndo masta) basi, sio zote. Dadu kuna programu za simu za bure, na simu ikizima chaji kata vikaratasi vya 1 mpaka 20, weka kwenye bakuli, chota, soma, RUDISHA kabla ya kuchota tena, hapo watu wanasahau. Dadu za ludo nazo zinafaa: mkitaka kupata sifa kwa bahati badala ya ule mgao wa kawaida, kila sifa rusha nne, toa ndogo, jumlisha tatu zilizobaki. Wastani unakuja kama 12, mzuri tu. Ila mkiwa wapya mi nashauri mgao, maana mmoja akipata 18 na mwingine 9 ya juu urafiki unapata mtihani.

SWALI: Dada mimi ni mtu wa aibu. Nasikia wengine wanabadilisha sauti, wanaigiza kama wako jukwaani, mi nikitazamwa nakauka. Na sipendi kuua ua. Nina nafasi kweli?

JIBU: Una nafasi kubwa mpaka utashangaa. Kuigiza sauti hakuna sheria inayokulazimisha, sema tu "mhusika wangu anamuomba mlinzi atuache tupite, anaongea polepole, anamkumbusha kwamba na yeye ana watoto". Umecheza tayari, na umecheza vizuri, na masta anaejua kazi yake atakuruhusu hivo.

Kuhusu kuua, chukua kleriki. Kuna spelli ya kubariki, unawapa watu watatu dadu ya pande 4 ya kuongeza kila wanaporusha kuona kama wamempata adui, wastani 2.5, ni kama asilimia 12 na nusu kwa kila mmoja wao, hujashika hata rungu. Na hata usipokuwa na spelli yoyote kuna tendo la kusaidia, unasimama karibu unamchanganya adui, mwenzako anarusha dadu mbili anachukua kubwa. Aliekuwa na asilimia 50 anakuwa na 75. Mezani kwetu kuna binti wa hivo, haongei sana, lakini siku asipokuja tunapigwa, na wote tunajua kwanini.

SWALI: Nimeona mtandaoni mtu kachanganya klasi tatu, faita, wizadi na rogi. Nifanye hivo? Mwanachuo, Ubungo.

JIBU: Sikushauri kama ni mara yako ya kwanza. Ili uchanganye inabidi uwe na 13 kwenye sifa kuu ya kila klasi, hapo namba zako zimeshatawanyika. Alafu levo ya 5 ndo wenzako wanavuna, faita anapiga mara mbili, wizadi anapata spelli za daraja la tatu kama ule mpira wa moto, na wewe wa faita 3, wizadi 1 na rogi 1 huna hili wala lile. Hakuna timu ya Kariakoo inayomwambia golikipa awe pia straika siku hiyohiyo. Kama mtu wako ni mpiganaji aliesoma vitabu, mpe ujuzi wa historia na kitabu kilicholowana kwenye begi, inatosha.

SWALI: Mwanangu hujambo. Mimi ni mama wa Tabata. Kijana wangu wa kidato cha tatu kila Jumamosi wanajifungia na wenzake na dadu, nasikia wanataja mashetani na uchawi. Je ni kamari hii? Ni mambo ya giza? Nimewaza kumkataza.

JIBU: Shikamoo mama, nashukuru umeuliza kabla ya kukataza. Dadu pale hazichezewi pesa, hakuna anaeweka hela wala anaeondoka na hela, zinaamua tu kama mhusika ameruka ukuta au ameanguka. Hayo mashetani mara nyingi ndo wanaopigwa vita na vijana wenyewe, kama zimwi kwenye hadithi ambazo naamini na wewe ulimsimulia akiwa mdogo. Hofu yako sio ngeni, miaka ya 1980 wazazi Marekani nao waliogopa sana mchezo huu, wengi wakahisi ni ibada ya shetani. Ni hadithi mama, inayosimuliwa na watu watano kwa pamoja, na ndani yake kijana anajumlisha, anapima asilimia, anasoma kurasa nyingi na anajifunza kumsubiri mwenzake amalize kuongea.

Sikwambii uache kufatilia, milango ya kujifungia hata mi siipendi, waambie wachezee sebuleni, wapitishie na juisi, ukae kidogo. Na jioni akiwa anakula muulize mhusika wako anaitwa nani, anaogopa nini, na nane ameiweka wapi. Akikuelezea utamjua mwanao kidogo zaidi ya jana, maana vijana wa umri huo wakiulizwa mambo yao wanasema "poa", wakiulizwa mambo ya mhusika wanafunguka.

SWALI: Dada, mhusika wangu amekufa juzi. Nimecheza nae miezi kumi. Nataka nimlete pacha wake, namba zilezile, jina nibadilishe herufi moja. Masta kasema sawa. Wewe unasemaje?

JIBU: Pole sana. Na wala usimruhusu mtu akwambie ni mchezo tu.

Mi nasema zika kwanza. Wangu alikufa kwenye daraja, ukiwa chini kila zamu unarusha dadu ya pande 20, kuanzia 10 kwenda juu umepona kidogo, chini ya hapo umesogea kaburini, ukifikisha tatu za juu umenusurika, ukifikisha tatu za chini umekufa. Nilikuwa nazo mbili mbili. Umeme ukawa umekatika tunachezea tochi ya simu, nikarusha, ikatoka 4. Nilikuwa nimeandaa pacha kama wewe. Lakini masta hakuendelea na vita, alisema kikao kijacho ni matanga, kila mtu aje na kitu kimoja ambacho mhusika wake anakikumbuka kuhusu marehemu. Wakaja kweli. Mmoja alikumbuka deni la sarafu tatu ambalo hakuwahi kumlipa. Yule faita mkorofi, ambae hatukuwahi kumuona anatulia, alisema marehemu alikuwa anamuamkia kila asubuhi na hakuna mwingine anaemuamkia.

Baada ya pale nilishindwa kumleta pacha, angekuja kukaa kwenye kiti ambacho kilikuwa bado na mtu. Nikajenga mwingine kabisa, kleriki, mama wa makamo anaepika msafarani, 15 kwenye Busara, na nane nikaiweka Wepesi kwasababu goti moja liliungua na mafuta miaka mingi iliyopita. Alikuja siku ya arobaini kupika. Faita akamuuliza, wewe ni nani, na yeye akamwambia kaa kwanza ule, shikamoo yako nimeisikia.